Msumeno wa zamani haufi, ni kabureta iliyoziba

Mpenzi msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya gazetini badala ya redioni, wiki iliyopita nilianza kipindi kwa kuwasikilizisha mlio mmoja bila kusema ni wa nini. Injini ilikohoa mara tatu, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma kwa sauti nzito iliyotikisa hata kinasa sauti changu. Simu zilipigwa studio. Mmoja alisema ni pikipiki iliyotobolewa ekzosi, mwingine akasema ni mashine ya kusaga. Aliyepatia ni bibi mmoja wa Rulenge. "Mwanangu," alisema, "hiyo ni chenso, tena ya zamani. Za siku hizi hulia kama mbu."

Naam. Ilikuwa chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini ya petroli. Mlio ule niliunasa Nyakahura, wilayani Biharamulo, kwa mzee mmoja ambaye kaniomba nisimtaje jina, nami nitaheshimu ombi lake. Ana misumeno kumi na minne. Minne inawaka. Mitatu ingewaka kama spea zingepatikana. Iliyobaki ni mizoga inayosubiri kuchunwa vifaa. Yote imepangwa kwenye rafu za mbao za mninga ndani ya banda la bati, kila mmoja umefunikwa kwa kiroba cha sandarusi kama mtoto aliyelala.

Nilipomwuliza kwa nini mtu akusanye vitu ambavyo wengine wanaviuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, alinitazama kwa muda. "Kwani wewe hukusanyi kanda zako za redio?" akaniuliza. Nikanyamaza, maana ninazo kabati zima.

Leo basi nataka kueleza habari ya misumeno hii, na hasa kiungo chake kimoja kidogo kisichozidi ukubwa wa kiberiti kikubwa, yaani kabureta. Huenda ukasema wewe unaishi mjini na hujawahi kukata mti. Lakini meza unayolia chakula, kitanda unacholalia na mkaa unaochemshia chai vimepita mikononi mwa mtu mwenye msumeno au shoka. Tena kama una bodaboda, jenereta au mashine ya kukatia majani, nusu ya maelezo haya ni yako.

Mnyororo wenye meno haukuanza kwa kukata miti. Ulianza hospitalini. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mwembamba wenye meno, uliovutwa kwa mikono, kukatia mfupa. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza kifaa cha upasuaji chenye mnyororo uliozunguka juu ya ubao wa chuma kwa kukoroga mpini. Ukikiangalia kwenye picha utaona ndiyo chenso hasa, isipokuwa haina injini.

Msituni mnyororo uliingia karne moja baadaye. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na mwaka 1929 akatoa msumeno wake wa kwanza wa petroli. Ulikuwa na uzito wa kilo 46, na watu wawili ndio waliuchukua, mmoja upande wa injini, mwingine kwenye ncha. Mwenzake Emil Lerp, naye Mjerumani, aliujaribu wake mwaka 1927 kwenye mlima uitwao Dolmar, na kampuni ikachukua jina la mlima. Msumeno wa kushikwa na mtu mmoja ulikuja baadaye. Ule wa Stihl wa mwaka 1950 ulikuwa na kilo 16. Mwaka 1959 ukaja ulioitwa Contra, usio na giaboksi, mnyororo ukizungushwa moja kwa moja na injini. Ndugu zake waliofuata ni 070 na 090, ambazo mafundi wa nchi zetu za joto wanazijua kama wanavyoijua Land Rover. Ile 090 ina injini ya sentimita za ujazo 137, na bodaboda nyingi haziifikii.

Mnyororo wenyewe una kisa chake ambacho mzee wangu wa Nyakahura anakipenda kuliko vyote. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alikaa akamtazama funza anayekula mti. Aliona funza yule hasagi mbele tu, bali taya zake zinakata kushoto na kulia, akipita kwenye mbao bila kujali nyuzi zake zimeelekea wapi. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyojikunja, moja kushoto, moja kulia. Minyororo mingi ya leo ni kizazi cha funza yule.

Je, misumeno hii ilifikaje kwetu, Ngara na Biharamulo? Kabla yake mbao zilipasuliwa kwa mikono. Walichimba shimo, gogo likalazwa juu yake, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake shimoni, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima, na yule wa chini akila unga wa mbao. Chenso za kwanza zilikuwa za misheni, za idara ya misitu na za wajenzi wa barabara. Mwananchi wa kawaida aliisikia tu kwa mbali.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja na usiku wake, wakatua Ngara, mahali palipoitwa Benako kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imepiga kambi pale. Zikafuata kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Mahema yalifunika vilima, na moshi wa jioni ulionekana kutoka mbali. Kila familia ilihitaji kuni. Ilipofika mwaka 1996 ilikadiriwa kwamba wakimbizi wa mkoa wa Kagera walikuwa wakichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku.

Nataja haya kwa sababu watu wengi wa mjini wakisikia neno chenso hudhani ndiyo iliyomaliza miti ya Ngara. La hasha. Miti ile ilimalizwa na panga na shoka, mikononi mwa akina mama na watoto waliotembea kilomita nyingi kutafuta cha kuivishia maharage ya msaada. Hakuna aliyewapa petroli. Wakimbizi wa Rwanda waliporejea kwao Desemba 1996, vilima vilibaki na visiki vilivyokatwa kwa panga, vimechongoka kama penseli. Kisiki cha chenso ni bapa kama meza, nawe huwezi kukosea ukiviona viwili hivyo pamoja.

Hata hivyo chenso haina mikono safi. Ilifanya kazi yake baadaye, tena inaendelea kuifanya kwenye mininga na mikora ya Biharamulo. Nitalirudia hilo.

Mzee wangu mwaka 1994 aliajiriwa na shirika moja la misaada, kazi yake kuhakikisha pampu za maji na jenereta hazilali. Shirika lilipofunga virago, vyombo vilinadiwa. Wenzake walinunua magodoro na baiskeli. Yeye alinunua chenso mbili mbovu kwa bei ya kuku watatu, na mkewe hakusema naye kwa wiki nzima. Hapo ndipo ukusanyaji ulipoanza.

Sasa tuje kwenye kabureta.

Injini haichomi petroli ya maji, huchoma mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Kazi ya kabureta ni kuuandaa mchanganyiko huo. Hewa inapoingia hupitishwa kwenye njia iliyobanwa katikati, kama kiuno cha nyigu. Ikifika kiunoni hewa hukimbia zaidi, na hewa ikikimbia shinikizo lake hupungua. Penye upungufu huo kuna tundu dogo, na petroli hufyonzwa kupitia pale ikatoka kama manyunyu. Hadi hapo kabureta ya chenso na ya bodaboda ni ndugu.

Tofauti ni jinsi petroli inavyosubiri zamu yake. Kabureta ya bodaboda ina bakuli dogo chini, na ndani yake boya linaloelea. Petroli ikipungua boya linashuka na kufungua mlango. Ikijaa boya linapanda na kuufunga. Ni utaratibu uleule wa tangi la choo cha kuvuta. Lakini laza bodaboda ubavu uone: petroli itamwagika, injini itazimika. Mkata miti hawezi kufanya kazi hivyo. Akiangusha mti anaulaza msumeno ubavu, akikata matawi anaugeuza juu chini. Ndiyo maana misumeno ya zamani kabisa yenye boya ilitengenezwa ili ubao wa mnyororo ugeuke huku injini imesimama wima, kazi ya kuudhi kwelikweli.

Dawa ilipatikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia miaka ya 1950, wakati kabureta za diaframu, za Tillotson zikiwa maarufu kuliko zote, zilipoanza kufungwa kwenye chenso. Diaframu ni kipande chembamba cha mpira au plastiki, kama ngozi ya ngoma. Kabureta ya chenso ina ngozi mbili.

Ya kwanza ni ya pampu. Pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo chini yake katika tumbo la injini hubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa. Kitundu kimoja huipeleka pumzi hiyo hadi kwenye ngozi, nayo ikapigapiga kama moyo. Vijilango viwili vya kukunja huruhusu petroli kupita upande mmoja tu. Kwa hiyo msumeno hujivutia petroli wenyewe kutoka kwenye tangi, hata ukiushika miguu juu.

Ngozi ya pili ndiyo yenye akili. Upande wake mmoja kuna chumba cha petroli, upande mwingine kuna hewa ya kawaida inayoingia kwa kitundu kwenye kifuniko. Injini ikinywa petroli ya chumbani, shinikizo la ndani hushuka, hewa ya nje inaisukuma ngozi, ngozi inakandamiza kijiti kama kipepeo cha mizani, na kijiti kinainua sindano. Petroli inaingia. Chumba kikijaa, springi inairudisha sindano mahali pake. Hakuna boya, hakuna juu wala chini.

Ukishaelewa hayo umeelewa pia magonjwa yake. Ngozi ikikaa miaka kumi ndani ya petroli iliyokauka hukakamaa kama karatasi. Haipigi tena, na msumeno unakufa njaa tangi likiwa limejaa. Mwenye mali anavuta kamba mpaka bega linateguka, halafu anatangaza kwamba injini imekwisha. Mzee anasema misumeno tisa kati ya ile kumi na minne aliletewa kwa maneno hayohayo, "injini imekwisha", na kwenye mingi ilikuwa ngozi mbili tu.

Anaifungua kabureta juu ya sinia jeupe ili sindano na springi zisipotee. Huiosha kwa petroli safi na mswaki wa zamani, kisha hupuliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli. Tundu likiwa gumu hutumia kijiti cha ufagio wa chelewa, si waya. Waya hupanua tundu, na tundu lililopanuliwa halirudi. Ndani kuna chujio dogo kama kipande cha chandarua, ambalo mafundi wengi hawajui lipo. Pale ndipo uchafu wote wa madumu yetu hukusanyika. Gasketi anazikata mwenyewe kwa karatasi ya manila. Ngozi hawezi. Alijaribu mpira wa tyubu ya baiskeli, ukawa mzito mno, akajaribu glovu za hospitali, petroli ikaziyeyusha siku ya pili. Sasa ananunua vifurushi vya ngozi Mwanza, na akikosa anasubiri.

Kuna siku tulihangaika na msumeno mmoja saa tatu nzima. Unawaka, unanguruma dakika moja, unazimika. Tukabadilisha ngozi, plagi, hata mpira wa petroli. Mwishowe mzee akageuza kile kifuniko cha chini akakiweka kwenye mwanga. Kile kitundu cha hewa kilikuwa kimezibwa na udongo wa nyigu. Hewa haikuingia, ngozi haikusukumwa, sindano haikufunguka vya kutosha. Nyigu mmoja alikuwa ametushinda watu wazima wawili.

Petroli nayo ina makosa yake. Wengi mnakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli kwa sababu ya bei yake ndogo, mpaka serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Lakini petroli ya chupa za barabarani bado ina maji na mchanga, na hilo halihitaji maabara kulijua. Mzee huimimina kwenye chupa ya kioo na kuiacha usiku kucha. Asubuhi maji yamekaa chini, naye humimina ya juu tu.

Halafu oili. Injini hizi hazina oili yake ya chini kama gari. Hulainishwa na oili inayochanganywa kwenye petroli. Misumeno mipya mingi inatumia sehemu moja ya oili nzuri ya injini za namna hii kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita. Mikongwe huitaka moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Ukiipa mikongwe kipimo cha mipya kwa kutaka kubana matumizi, utailipia kwa pistoni. Na usitumie oili chafu iliyotolewa kwenye lori, ingawa nimewaona wanaofanya hivyo mchana kweupe.

Mambo ya umeme nitayapitia haraka. Misumeno ya zamani ina pointi ndani ya gurudumu la sumaku, nazo hushika kutu. Zisugue taratibu kwa msasa laini, badilisha kondensa ikiwa cheche ni dhaifu, weka plagi mpya, basi. Kunoa mnyororo kwa tupa ya mviringo ni somo jingine kabisa, na wapo vijana Biharamulo wanaolijua kunishinda.

Linalobaki ni skrubu, na hapa sina budi kukiri kosa langu.

Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu mbili nyembamba zenye ncha kali, moja ya mwendo mdogo na moja ya mwendo mkubwa, pamoja na ya tatu ya kuzuia injini isizimike ikiwa imetulia. Zile mbili huzungushwa ndani kwa vidole mpaka ziguse, bila kukaza, kisha hurudishwa nje kiasi cha mzunguko mmoja. Huo ni mwanzo, na kutoka hapo unasikiliza. Ukizungusha ndani unapunguza petroli, nje unaiongeza. Kwenye mwendo mkubwa, bila kukata kitu, msumeno mzuri hulia kama mwenye kigugumizi kidogo. Ukiuingiza kwenye gogo kigugumizi kinaondoka. Ukilia mwembamba na msafi kama filimbi ukiwa hewani, ujue una njaa, na petroli ikipungua oili nayo imepungua.

Mzee hawezi tena kuzungusha skrubu hizo mwenyewe. Asubuhi za baridi za huku vidole vyake vinne hubadilika vikawa vyeupe kama mshumaa, na hana habari kama ameshika skrubu au ameshika hewa. Ni maradhi ya mtikisiko. Misumeno ya zamani mishikio yake imefungwa moja kwa moja kwenye injini. Mipira ya kupunguza mtikisiko ilianza kufungwa katikati ya miaka ya 1960 na haikuenea upesi. Miaka aliyoshika misumeno ile ndiyo iliyomla mishipa ya vidole. Daktari alimwambia aache. Ameacha kukata, ila hakuacha kutengeneza, kwa hiyo akawa anatafuta vidole vya kuazima. Mwaka jana vidole hivyo vilikuwa vyangu.

Ilikuwa msumeno mdogo wa Kijerumani aliouhangaikia miezi minane. Uliwaka. Mzee akaenda kuswali alasiri, akaniagiza niuache utulie. Mimi nikaona unatoa moshi, nikaona kigugumizi kinanikera, nikazungusha skrubu ya mwendo mkubwa ndani, robo, halafu robo nyingine. Mlio ukawa mtamu ajabu. Nikavuta mafuta mpaka mwisho ili niunase kwa ajili ya kipindi. Ukalia nusu dakika, ukakatika ghafla. Nikavuta kamba, haikuja. Injini ilikuwa imenoki.

Aliporudi hakupandisha sauti. Alifungua ekzosi akanionyesha pistoni kwa tochi: upande mmoja ulikuwa umechanika mistari kama uso uliokwaruzwa na paka. "Uliupenda mlio," alisema, "ukasahau kuuliza unatoka wapi." Mpaka leo silinda ile iko kwenye rafu, na kila nikifika huitazama kwanza kabla ya kumwamkia mwenyeji. Kanda ya mlio ule ninayo. Sijawahi kuirusha.

Nilisema nitarudia habari ya miti. Miezi michache iliyopita, nikiwa palepale bandani, alikuja kijana kwa pikipiki kutoka upande wa Lusahunga. Akaamkia vizuri, "Shikamoo babu", akaitikiwa "Marahaba mjukuu wangu", akaketi. Alitaka 070 inayowaka. Alikuwa na shilingi 600,000 mfukoni, akaziweka juu ya benchi. Nakiri kwamba fedha ile ingenunua ngozi, ringi na plagi za misumeno yote iliyolala.

Mzee akamwuliza, "Una miti?"

"Miti ya Mungu ipo, babu."

"Iko wapi?"

Kijana akaonyesha kwa kidevu upande wa porini. Mzee akazisukuma fedha zile taratibu mpaka zikafika ukingoni mwa benchi. Hakukuwa na hotuba. Kijana aliondoka, na sina shaka aliipata chenso mahali pengine, maana siku hizi kuna nakala mpya za misumeno hii hii ya zamani zinazotoka Asia, kwa bei ambayo fundi hawezi kushindana nayo.

Ukikata mti ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali umevunja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, uwe na chenso au panga. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na mle huingii na msumeno kabisa. Hata kwa miti ya shambani kwako ni busara kufika kwanza ofisi ya maliasili ya wilaya au kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ukaeleze unachotaka kukata na unachotumia. Mzee anajua haya yote. Sharti lake lakini ni jepesi kuliko sheria: hutengeneza na kuuza kwa mtu aliyepanda miti yake mwenyewe. Mikaratusi, migrevilea, misonobari. Ngara imepandwa sana tangu kambi zilipofungwa, na miti ile imekomaa. Mama mmoja mjane wa Kasulo ana ekari mbili za mikaratusi ambayo marehemu mumewe aliipanda kwenye kilima kilichokuwa kipara. Msumeno wa mzee ndio uliomvunia miti ya kwanza, na wanawe wakaezeka nyumba.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye kidogo, na nimemwambia uso kwa uso. Breki ya mnyororo, ile inayousimamisha ghafla ncha ya msumeno inapogonga kitu na kuuruka kuelekea usoni mwako, ilianza kufungwa kwenye misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mingi ya bandani kwake haina. Kumkabidhi kijana wa miaka 20 msumeno wa namna hiyo, hata kama miti ni ya mama yake, ni jambo linaloninyima raha. Mzee anasema huwafundisha siku tatu, na hawaruhusu kukata kwa ncha wala juu ya mabega. Mimi nasema siku tatu hazitoshi. Mwezi uliopita ameanza kuikataa hata mikopo ya misumeno isiyo na breki; ile ya zamani kabisa huiwasha Jumamosi jioni tu, watoto wa jirani wakikusanyika kusikiliza, halafu huifunika kwa viroba vyake.

Mmoja bado hauwaki. Ni 090, ule mkubwa kuliko yote, aliouokota kwenye uzio wa karakana moja iliyofungwa. Silinda ni nzima, cheche ipo, sindano inafunga. Kinachokosekana ni ile ngozi ya pili, ya kabureta ya Tillotson aina ya HL, na Mwanza hatukuipata safari mbili mfululizo. Yeyote kati yenu mwenye kifurushi chake, awe fundi wa Kariakoo, wa Gerezani au mtu aliyerithi sanduku la baba yake asilojua lina nini, apige simu studio siku ya kipindi. Bei tutaelewana. Mkiipata, nitaleta mlio wake Jumamosi inayofuata, na safari hii skrubu sitaigusa.